Kusajili na Kunyang'anya

Wako wanaodhani kwamba mabishano ya mashabiki wa kandanda ni kelele tupu. Mwalimu wa lugha asiyapuuze, maana humo mna tarihi, vijembe na mizani ya haki.

Tuitazame Tukuyu Stars ya Rungwe, iliyoitwa Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa. Mwaka 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Baadhi ya wachezaji wake wakachukuliwa na vilabu vikubwa vya Dar es Salaam, na mwaka 1987 ikashuka. Mshabiki wa Kariakoo akikisimulia kisa hiki husema, "Tulisajili." Mwenzake wa Tukuyu hujibu, "Mlitunyang'anya." Tendo ni moja, vitenzi ni viwili, na ubishi wote umo humo.

"Kusajili" ni kuandika jina daftarini tu. Ni neno safi la ofisini (sisi watumishi twalipenda mno!), nalo humficha aliyeachwa mikono mitupu. "Kunyang'anya" nalo latia chumvi, kwani mshambuliaji si mbuzi wa kuswagwa. Ana miguu yake na wazazi wa kuwalisha. Nasema mshambuliaji, kwa sababu timu inapochungulia shimo ubishi huwa juu yake yeye: aje nani, azuiwe nani. Mlinda mlango hana mtetezi.

Hata hivyo, mshambuliaji huyo anayegombewa ni shamirisho katika sentensi zote mbili. Kiima ni klabu. Wanafunzi na waufanyie ubishi huo sentensi ya tatu, ambayo mchezaji mwenyewe ndiye anayesema: "Niliondoka."