Tumboni mwa iPod

Jamani, imefunguka! Lile kava la chuma cha pua, linalong'aa hadi unajiona uso, limeachia upande mmoja, likaachia wa pili, na sasa iPod ya kwanza kabisa, ile iliyotangazwa tarehe 23 Oktoba 2001, iko mezani kwangu tumbo wazi. Kwa nje haina hata skrubu moja. Ndani, juu kabisa, kuna betri bapa. Chini ya betri, diski. Chini ya diski, bodi. Basi! Dola 399 za wakati ule zilinunua tabaka hizi tatu pamoja na kioo kidogo cha rangi moja, na mimi nimeziona kwa macho yangu, nikarudia tena kuzitazama.

Pembeni yake nimepanga wadogo zake wote niliowapata, hadi Classic, kila mmoja amevuliwa nguo. Macho hayajui yaanzie wapi. Tuanze na diski, maana humu ndani bosi ni diski.

Ni ya Toshiba, ya inchi 1.8, yenye GB 5. Upana wake milimita 54, urefu 78.5, unene 5. Milimita tano! Na ndani ya hizo tano kuna sahani inayozunguka mara 4,200 kwa dakika na mkono wa kusoma unaopita juu yake bila kuigusa. Kumbuka watu walikuwa wakibeba nini wakati huo. Rio PMP300 ya 1998 ilikuwa na MB 32 tu, yaani nusu saa hivi ya muziki, halafu unarudi kwenye kompyuta kubadilisha nyimbo. Nomad Jukebox ya Creative, ya mwaka 2000, ilikuwa na GB 6, lakini kwa kutumia diski ya kompyuta mpakato na betri nne za kawaida. Mfuko wa suruali hauiwezi. Katikati ya hizo mbili palikuwa na pengo. Februari 2001 Jon Rubinstein wa Apple alikwenda Japani kuwatembelea Toshiba, wakamwonyesha kidiski hiki ambacho wao wenyewe walikuwa bado hawajajua kitafanya kazi gani. Miezi minane baadaye iPod ikatangazwa. Miezi minane, kuanzia diski isiyo na kazi hadi bidhaa kamili! Leo ukisoma ratiba za kampuni za simu unacheka.

Ila diski ina tabia mbili mbaya: inakula betri, na haipendi kutikiswa. Mtu anayekimbia asubuhi na diski inayozunguka mfukoni hawapatani. Hapa ndipo nilipopiga makofi peke yangu chumbani. Kwenye bodi kuna chipu ya RAM ya MB 32, na chipu hiyo ndiyo siri ya mchezo mzima. Diski inaamka, inazunguka kidogo, inamwaga nyimbo kadhaa kwenye RAM, inalala. Muziki unaousikia hautoki kwenye diski, unatoka kwenye RAM. Ni kwenda kisimani mara moja kujaza mtungi, kisha nyumba nzima inakunywa kutoka mtungini. MP3 ya kilobiti 160 hutumia kama MB 1.2 kwa dakika, kwa hiyo hata baada ya programu ya kifaa kuchukua sehemu yake, zinabaki dakika 20 ambazo Apple waliahidi muziki hautakatika hata ukiruka. Betri nayo ikafika saa 10. Na ajabu ninayoipenda mno: MB 32 ndizo zilizokuwa ghala zima la Rio miaka mitatu kabla. Hapa zimekuwa mtungi tu!

Sasa kodoa macho, soma bodi. Jina la Apple liko kwenye kava. Kwenye chipu kubwa unasoma majina ya watu wengine. Ubongo ni PP5002 ya PortalPlayer, kampuni ya California, wenye viini viwili vya ARM7 vya megahetsi 90. Chipu inayogeuza namba kuwa sauti ni ya Wolfson, kampuni ya Edinburgh, Uskochi. Mawasiliano na kompyuta, kwa waya wa FireWire, yanasimamiwa na chipu ya Texas Instruments, na tundu lake, pana na la fahari, limekaa juu kabisa kando ya jeki ya hedifoni. Uhodari wa Apple ulikuwa kuwakalisha wageni hawa wote katika chumba kimoja kisichozidi unene wa sentimita mbili bila kugombana.

Gurudumu la 2001 linazunguka kweli kweli. Lisukume kwa kidole gumba, linazunguka! Mwaka uliofuata wakaweka la Synaptics lisilosogea, linalohisi kidole tu. Ni bora kwa vumbi, nakubali, lakini lile la kwanza lina raha yake. Ya kizazi cha tatu, ya 2003, yenye vitufe vinne kwa mstari, nitaipita haraka: nzuri kwa macho, usiku inawaka taa nyekundu, ila kidole kinapotea.

Simama hapa kwenye Mini ya 2004. Simama! Mwili wake ni bomba la alumini; unabandua vifuniko viwili vya plastiki, cha juu na cha chini, na bodi nzima inateleza kutoka kama droo. Humo ndani kuna Microdrive ya Hitachi, diski ya inchi moja, GB 4. Inchi moja! Na imechomekwa kwa tundu la CompactFlash, lile lile la kadi za kamera, hivyo ukitoa diski ukaweka kadi, Mini inaikubali. Siku zile wapiga picha walikuwa wakifanya kinyume chake: wananunua MuVo² ya Creative, iliyokuwa na Microdrive kama hiyo, wanaipasua na kuchukua diski, kwa sababu kifaa kizima kiliuzwa kwa bei ya chini kuliko diski yenyewe dukani. Biashara ya namna hiyo sijaiona tena.

Kisha kuna kipenzi changu. iPod ya kizazi cha tano, Oktoba 2005, na hasa ile iliyoboreshwa Septemba 2006. Ukiifungua, taratibu tafadhali, kwa sababu fleksi mbili, yaani nyaya bapa, zimeunganisha nusu zake: moja ya betri, iliyobandikwa kwenye kava la nyuma, nyingine ya jeki ya hedifoni. Diski imevaa mipira laini kwenye kingo na inainuka yenyewe. Kwenye bodi, PortalPlayer bado yupo, Wolfson bado yupo na WM8758 yake, na amekuja mgeni, Broadcom, kushughulikia video kwenye kioo cha inchi 2.5. Kila mtu ana kazi yake na unaweza kumwonyesha kwa kidole. Na sauti! Besi ina mwili, sauti za waimbaji hazichomi sikio. Kuna wanaosema ni mazoea tu. Waache waseme.

Sasa raha yenyewe: ile diski ya Toshiba inazungumza lugha ya zamani ya ATA, na vipo viadapta vinavyoitafsiri kwa memori kadi, zile zile za simu. Toa diski, weka kiadapta na kadi ya GB 256. Uzito unapungua, kifaa kinaanza kuwaka bila ule mngurumo mdogo, na betri inakaa muda mrefu zaidi kwa sababu hakuna kitu kinachozunguka. Nafasi iliyoachwa na diski unaweza kuijaza betri nene zaidi. Tia programu ya Rockbox, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, na inapiga hata mafaili ya muziki ya FLAC bila kuuliza. Fundi simu mwenye mkono mwepesi hatatoka jasho.

Nano ya Septemba 2005 inanisisimua na kunikera kwa wakati mmoja. Milimita 6.9, gramu 42, hakuna diski tena, kumbukumbu imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Nyembamba ajabu! Lakini mlango umefungwa: ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Nano iliyofuata ikamtema PortalPlayer, ikachukua chipu ya Samsung, na muda si mrefu PortalPlayer mwenyewe akanunuliwa na Nvidia.

Classic ya 2007 ilikwenda njia hiyo hiyo. Samsung alishika ubongo, na Wolfson akamwachia kiti Cirrus Logic. Kava la mbele ni alumini, vibanio ni vya chuma na vinang'ang'ania kwa roho mbaya, jiandae kulipinda. Ina GB 160 kwenye ile kubwa, kwa hiyo siwezi kuidharau, ila sauti yake ni safi kupita kiasi kwa sikio langu. Mwaka 2014 Apple waliacha kuiuza, na mwaka huo huo Cirrus Logic wakainunua Wolfson, wakawa wamemeza yule yule waliyemrithi kiti.

Ukitaka moja tu, tafuta ile ya 2006, na usidanganywe na kava, kwa sababu ya 2005 inafanana nayo. Iwashe, ingia kwenye menyu ya muziki. Ukikuta kipengele cha kutafuta wimbo kwa herufi, ndiyo yenyewe. Kisha tazama ukubwa: ya GB 80 ina RAM ya MB 64, mara mbili ya mwenzake wa GB 30, na ukishaijaza kadi kubwa yenye maelfu ya nyimbo, ndiyo isiyokwama. Betri ikiwa imekufa, kioo kikiwa na mikwaruzo, diski ikigonga, usijali hata kidogo. Punguza bei, lipa, kimbia nayo nyumbani!