Masomo ya bure, lakini ya nani?

Bandugu wasomi, tuseme ukweli kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, serikali ilianza kutekeleza ile gratuité ya primere ambayo Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeisha kutuahidia. Ni kazi kubwa. Mwenye kuidharau hajaona mama akirudishiwa mtoto nyumbani juu ya minerval.

Lakini kuingia darasani ni jambo moja, kubaki ni lingine. Kwenye kartie yetu kuko mtoto mmoja hasikii vizuri. Aliandikwa mwaka wa kwanza bila kulipa hata franka moja. Batoto walikuwa wengi, yeye akakaa nyuma kabisa. Kufika Pasaka, alikuwa amebaki nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata aliyeuliza.

Hapo ndipo ninalaumu hii mageuzi: ilipangwa kutoka juu, kama vile pesa ndiyo kizuizi pekee. Sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za kitaifa darasani. Ile ya 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Karatasi ni nzuri. Ila direkta mwenye madarasa yamejaa hawezi kujua peke yake nani haoni ubao, nani hajui Kifaransa hata kidogo, nani analinda wadogo wake siku ya soko. Wenye kujua ni shefu wa avenue, mama muuzaji, mchungaji, jirani.

Na chombo tuko nacho tayari: komite ya wazazi. Shida ni kwamba ilizoea kuitwa tu juu ya pesa, prime ya walimu ao ukuta ulioanguka. Gratuité ilipofika, wengi wakadhani kazi yake imeisha. Kumbe ndiyo ingeanza! Kila mkutano ungesoma majina ya batoto walioacha, na kugawanya nyumba za kutembelea.

Mtu ataniambia: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ndiyo, mishahara na madarasa ni deni lake, tusimsamehe. Lakini kukalisha mtoto kwenye benchi ya mbele hakungoji bajeti ya Kinshasa.

Wewe mwenye diplome unayengoja kazi, mkutano ujao wa masomo ya kartie yako, enda. Uliza swali moja tu: nani hayuko hapa, na juu ya nini?