Nondo ameenea, au ni sisi tulioenea?

Kuna ramani tunayoipenda mno sisi wa bayoanuwai: ramani ya nukta. Mwaka jana nukta moja Amani, mwaka huu tatu mpaka Bulwa, basi tunaandika "spishi imeenea". Nami nimo. Niliandika hivyo kwenye andiko langu la utafiti, kwa hiyo hapa najikosoa mwenyewe kwanza.

Chukua Callopistria maillardi, nondo ambaye viwavi wake hula kangaga. Alielezwa kisayansi mwaka 1862, kutoka kisiwa cha Réunion. Ukimnasa Bulwa, kando ya mashamba ya chai, kwa taa na shuka jeupe, umejua jambo moja tu: usiku ule alikuwepo. Kama alifika juzi, au alikuwa hapo kabla Wajerumani hawajaanzisha taasisi ya Amani mwaka 1902, taa haikwambii. Nukta hujaa pale watafiti walipolala, na kwa Usambara Mashariki wengi wamelala Amani.

Sasa linganisha na Florida, Marekani. Huko kuna kangaga linalotambaa, Lygodium microphyllum, linalopanda miti mpaka kuifunika. (Hilo hilo kwetu Afrika ni mwenyeji, wala halina kesi na mtu.) Mwaka 2008 wakaachia nondo kutoka Australia, Neomusotima conspurcatalis, viwavi wake walile. Mahali panajulikana, tarehe inajulikana, na watu walirudi kuhesabu. Nondo aliyemtangulia, Austromusotima camptozonale, alishindwa kujiimarisha, na hilo nalo liliandikwa. Hao wakisema "ameenea", nawaamini.

Sisi tunakosa hasa hicho kipande cha kushindwa. Bila kujua taa iliwashwa mara ngapi bila kupata kitu, nukta mpya inaweza kuwa nondo mpya au mwanafunzi mpya mwenye pikipiki. Na hata akiwa kweli ameongezeka, bado kuna swali la chakula: baadhi ya makangaga hustawi pale msitu ulipofyekwa au kuungua. Hapo tutamwita nondo mvamizi, kumbe amefuata panga letu. Neno "vamizi" likishatoka, jamani, kesho yake mtu anauliza dawa ya kupuliza.

Nimefuta "imeenea", nimeweka "imerekodiwa". Msimamizi wangu akaomba orodha ya siku nilizowasha taa nikatoka kapa. Daftari langu halina hata moja, na nazikumbuka zilikuwa nyingi.