Neno 'jazi' na santuri ambazo hazifai kukosa kabatini

Juzi mwalimu mmoja mstaafu wa huku Nyeri, mkusanyaji sugu wa santuri, alinitaka nimpe orodha ya albamu za jazi ambazo mpenzi wa kweli hafai kukosa. Ila akanionya: nisimtajie 'zile bendi za magitaa zilizojiita Jazz kwa makosa'. Hapo ndipo mimi na Mwalimu tulipotofautiana.

Neno lenyewe halikutulia hata kwao. Bendi iliyorekodi santuri ya kwanza ya muziki huo kule Marekani mnamo 1917 iliandika 'Jass'. Sisi nasi tulikuwa na jazi yetu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu: Mola akujazi kheri. Neno geni lilipotua Afrika Mashariki lilipata maana mpya, yaani bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma, tarumbeta na saksafoni. Ndiyo maana tukawa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Kule Leopoldville, Franco na wenzake wakaunda OK Jazz mwaka wa 1956.

Je, wote hao walikosea? Hebu ingia hoteli yoyote pale Karatina. Utaagiza chai na mandazi, wala hakuna atakayekuuliza unataka chumba cha kulala cha bei gani. Neno likishakopwa, mwenye kuliamulia maana ni anayelitumia.

Basi orodha yangu ni hii. Mwalimu aanze na Kind of Blue ya Miles Davis (1959). Wanamuziki walipewa vidokezo tu vya nyimbo, mengine wakayabuni papo hapo. Hapo nakiri ana hoja: ubunifu wa papo hapo ndio roho ya jazi ya Marekani, ilhali bendi zetu ziliegemea maneno na uchezaji. Afuatishe Mulatu of Ethiopia ya Mulatu Astatke (1972), inayothibitisha kwamba jazi inaweza kuzungumza kwa lafudhi ya Kiafrika na bado ikabaki jazi.

Kisha avuke mpaka anaouogopa. Juzuu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara imekusanya bendi za Tanzania za miaka ya 1960, na Masika ina nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka, aliyefariki mwaka wa 1979 baada ya ajali ya barabarani huku kwetu Kenya, hamezi silabi hata moja. Sisi wa Mlima Kenya tunaotaniwa kwa Kiswahili chetu tungefaidi sana tukimsikiliza. Na gitaa lake likianza kujibizana na saksafoni, utajiuliza ni nani aliyesema hakuna ubunifu humo.

Benga Blast! ya D.O. Misiani na kundi lake la Shirati imeimbwa kwa Kijaluo, lakini mwenyeji wa Nyeri hatakuwa mgeni humo. Benga ilipanda kutoka ziwani hadi milimani, na ukikesha kwenye mugithi utaisikia bado. Mwisho ni Mario ya Franco (1985), wimbo wa Kilingala kuhusu kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Uliacha alama hata katika Kiswahili: kijana wa aina hiyo sasa ni 'marioo'. Ni albamu ngapi za jazi 'halisi' zilizotuachia neno?

Sibishani na Mwalimu kwa ajili ya ubishi. Santuri za bendi hizi zinazidi kuadimika. Wazee wakiondoka, masanduku yao hutupwa pamoja na makochi mabovu. Ikiwa hata mkusanyaji mwenye mapenzi ya dhati anaziita makosa, nani mwingine atakayezihifadhi? Mwalimu, fungua kabati, tenga rafu moja. Na Mola akujazi.