Karatasi, Dole Gumba na Kidoko: Gitaa la Lionel Loueke

Chukua kipande cha karatasi, kipenyeze kati ya nyuzi za gitaa karibu na daraja, kisha piga. Karatasi inauzuia uzi usitikisike kwa muda mrefu, kwa hiyo mlio unakatika mapema. Unasikia pigo lenyewe, nota fupi, na mkwaruzo mwembamba unaofanana na ule wa ilimba ya Wagogo. Lionel Loueke, mpiga gitaa wa jazi kutoka Benin, hupata hivyo ile sauti ambayo anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni kora, kinubi cha Afrika Magharibi, au kalimba.

Ujanja huo una mizizi. Loueke alizaliwa mwaka 1973, akaanza na ngoma, na gitaa akalishika akiwa na miaka 17. Nyuzi mpya zilikuwa adimu, hivyo aliziloweka za zamani katika siki ili zisafike, na zilipokatika alifunga waya wa breki za baiskeli. Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya umaskini. Mimi nakiona kama somo lake la kwanza la ufundi: tangu mwanzo alijua kwa vidole vyake kwamba ukibadilisha kinachotikisika, umebadilisha sauti.

Kisha akaingia ughaibuni: Abidjan, Paris, Chuo cha Berklee mjini Boston, na mwaka 2001 Taasisi ya Jazi ya Thelonious Monk huko Los Angeles, ambako magwiji wa jazi Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard walikuwa miongoni mwa waliomsikiliza na kumchagua. Safari ya namna hiyo humpa mtu elimu, na inaweza pia kumfuta. Loueke angeweza kuishia kuwa mpiga gitaa hodari anayepiga kama wenzake wa New York.

Kilichomwokoa ni jinsi alivyogawa kazi. Anapiga kwa vidole vitupu. Dole gumba linashika besi. Vidole vingine vinajibu juu, vikipishana na besi kama ngoma mbili zinazozungumza. Kinywa kinapiga kidoko pale ambapo mpiga ngoma angegonga ukingo wa ngoma. Sauti yake inaimba sambamba na nota za gitaa, mara nyingine kwa Kifon. Sikiliza kidoko peke yake na utaona kimewekwa kwa hesabu: mara nyingi kinaangukia kwenye nafasi ambayo dole gumba na vidole vimeiacha wazi. Ukikiondoa, mdundo unachechemea.

Ubora wa mpangilio huo unaonekana katika “Seven Teens”, kutoka albamu ya mwaka 2008 iliyotolewa na kampuni ya Blue Note. Mzunguko wake una mapigo 17. Katika hesabu ndefu kama hiyo, nota zinazovuma zingefunikana na msikilizaji angepotea njiani. Mguso mkavu wa Loueke unaliacha kila pigo lisimame peke yake, na Massimo Biolcati kwenye besi na Ferenc Nemeth kwenye ngoma, wenzake tangu Berklee, wanapata mahali pa kukanyaga.

Albamu hiyo inaitwa Karibu. Iliyofuata, ya mwaka 2010, inaitwa Mwaliko, na ndani yake yumo mwimbaji Angélique Kidjo, Mbenini mwenzake. Mtu wa Benin, aliyekulia kwenye Kifon na Kifaransa, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, yote ya mlangoni. Nayo yamekaa mahali pake. Waalikwa wa Karibu ni Hancock na Shorter, walewale waliokaa kumpima mwaka 2001. Miaka saba baadaye Hancock yumo ndani ya “Seven Teens”, anahesabu 17 za Loueke. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Marekani Loueke alifika kama mgeni. Katika rekodi hii yeye ndiye mwenyeji, na nyumba imejengwa kwa mapigo yake.