Kwihara: Nyumba Inayomkumbuka Mgeni

Ukiwa na siku moja tu katika mji usioujua, lazima uchague: makumbusho ya sanaa au jengo la kihistoria? Tabora inakuondolea taabu hiyo. Makumbusho ya sanaa hakuna. Kilichopo ni tembe la Livingstone kule Kwihara, kilomita chache nje ya mji, mwendo wa bodaboda. Nimekwenda zaidi ya mara moja, na kila mara nimeondoka na wazo lilelile: uchaguzi huu tulishafanyiwa zamani, na watu ambao hawakutuuliza.

Maana sanaa ya Unyamwezi ipo. Mojawapo ya kazi zake mashuhuri ni kiti cha enzi cha mti chenye egemeo refu, na umbo la mtu limechongwa likijitokeza kwenye egemeo hilo. Kimo katika mkusanyo wa Ethnologisches Museum, Berlin. Kilikwenda huko enzi za utawala wa Kijerumani, utawala ulioingia Tabora kwa bunduki. Januari 1893, askari wa Tom von Prince walipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, Isike aliwasha baruti yake mwenyewe badala ya kukubali kutekwa. Basi kijana wa Tabora akitaka kukiona kiti kile anahitaji viza. Akitaka kuona alipolala Livingstone, nauli ya bodaboda inatosha.

Na ndani ya tembe anakuta nini? Ramani, picha, nakala za barua. Livingstone na Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti. Maonyesho yanamfuata mtu huyu mmoja kwa uaminifu mkubwa, lakini ni maonyesho ya karatasi: unasoma zaidi kuliko unavyotazama.

Tena yanapita haraka mahali ambapo habari inanoga. Kwa nini Livingstone alikaa Kwihara miezi yote hiyo? Alikuwa akisubiri wapagazi. Bila wao hakuna msafara, hakuna ugunduzi, hakuna kitabu. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, vitambaa na shanga kurudi bara. Katika njia hiyohiyo watu walipelekwa pwani utumwani. Mwaka 1873 Chuma na Susi walipita Kwihara na wenzao wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone mwenyewe. Nyumba inayostahili kuwa kumbukumbu ya mabega imekuwa kumbukumbu ya mbebwaji.

Hata hivyo nakushauri uende, ila ukifika, litazame tembe lenyewe kama kazi ya sanaa. Kuta nene za udongo na paa tambarare ni ujenzi wa bara; mlango wa nakshi ni ufundi wa pwani. Pwani na bara zimekutana katika nyumba moja, na mikono iliyozikutanisha haikuwa ya Livingstone. Hakuna karatasi ukutani inayoeleza njia ya misafara vizuri kuliko mlango ule.

Tangu 2006 njia hii, pamoja na Kwihara, imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Tusisubiri UNESCO ndipo tupange vyumba vyetu. Chumba kimoja wapewe wapagazi. Kingine wapewe wachongaji, na ukutani ining'inizwe picha kubwa ya kile kiti, chini yake yaandikwe maneno machache tu: kilitoka wapi, kiko wapi sasa. Mgeni atakayesoma hayo hatahitaji tena kuchagua kati ya sanaa na historia, na mwenyeji atakuwa na la kudai.