Fokasi Inayoshika: Kupima Kamera Mpya ya Michezo Kericho na Bomet

Kamera mpya ikitolewa kwenye boksi, karibu kila mtu huijaribu vilevile. Anaielekeza kwa mwenye duka, mraba mdogo unarukia jicho la mwenye duka, na hukumu inatoka hapo hapo: hii ni moto. Jaribio hilo halipimi kitu. Mwenye duka amesimama, na kamera nyingi za miaka ya karibuni, hata za bei ya chini, hulipata jicho la mtu aliyesimama. Mpiga picha wa michezo anatoa pesa zake kwa jambo jingine: kamera itafanya nini mtu huyo akija mbio, akikatizwa mbele na mwenzake, mvua ikianza kudondoka, na nyuma yake kukiwa na ekari kwa ekari za majani mabichi ya chai.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo inayoonyesha ugumu wenyewe. David Rudisha, jirani yetu wa Kilgoris, alimaliza mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Hiyo ni karibu mita 8 kwa sekunde. Kamera ikipiga fremu 20 kwa sekunde, mkimbiaji wa kasi hiyo huwa amesogea sentimita 40 kabla fremu inayofuata haijapigwa. Sasa weka lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa f/2.8 kwenye kamera ya sensa ya milimita 36 kwa 24, na mkimbiaji awe mita 8 kutoka ulipo. Sehemu itakayotoka wazi, ukijumlisha mbele na nyuma, ni sentimita 27 hivi. Kamera inayofuata tu bila kutabiri itafokasi mahali alipokuwa, wakati yeye keshapita. Kwa hiyo kinachopimwa hapa ni ubashiri, na ubashiri hauonekani dukani.

Wilson Kiprugut arap Chumo wa Kericho alipoipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, hakukuwa na kamera ya kujifokasi sokoni. Konica C35 AF, ya kwanza kuuzwa kwa umma, ilikuja 1977. Wapiga picha wa siku zile walizungusha lenzi kwa mkono, au walifokasi mahali fulani pa uwanja mapema wakamngoja mkimbiaji apafike. Mbinu hiyo bado nzuri, na mimi huitumia kama mizani. Kamera ya bei kubwa isipokupa zaidi ya fremu moja nzuri ambayo ungeipata kwa kungoja mstarini, hujanunua chochote.

Kwa jaribio la kwanza usikimbilie Kericho Green Stadium. Tafuta barabara ya murram inayopita katikati ya chai, ya upande wa Litein au ya Silibwet, ambako vijana wa mazoezi hupita asubuhi na mapema. Waombe ruhusa, chuchumaa pembeni, mwache mmoja aje moja kwa moja kwako, na usiachilie kitufe tangu akiwa mbali, mdogo kwenye fremu, hadi akupite. Ukifika nyumbani, kuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia 100, na usianze na uso. Anza na ardhi. Kokoto za murram huchora ukanda wa uwazi unaokata barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: mbele yake kuna ukungu, nyuma yake kuna ukungu. Ukanda ukipita chini ya kichwa cha mkimbiaji, kamera imefanya kazi yake. Ukibaki nyuma ya visigino vyake, kamera imechelewa. Ukitangulia mbele ya mguu wake wa mbele, imebashiri kupita kiasi, kosa ambalo huonekana zaidi mkimbiaji anapopunguza mwendo ghafla. Kokoto zikiwa wazi lakini mikono na magoti yameburutika, fokasi haina hatia. Shata ilikuwa ya polepole. Wakati wa kupima usishuke chini ya 1/1000.

Ardhi ya lami haikupi ushahidi huu kwa urahisi, wala nyasi za uwanja. Murram ndiyo inayosema ukweli.

Mtihani mgumu kuliko wote ni chai yenyewe. Fokasi ya siku hizi hulinganisha taswira mbili za kitu kimoja, moja iliyopita upande huu wa lenzi na nyingine upande ule, na umbali kati ya taswira hizo huiambia lenzi isogee wapi na kwa kiasi gani. Ili ilinganishe, inahitaji kingo na tofauti ya mwanga na giza. Sasa tazama kichaka cha chai kilichochumwa vizuri baada ya mvua: juu pamesawazika kama meza, kila jani changa lina ukingo wake, kila ukingo una tone la maji linalong'aa. Mkimbiaji aliyevaa fulana ya rangi nzito, akitokea kwenye ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi, hana hata nusu ya vivutio hivyo. Kamera dhaifu humshika, kisha inateleza taratibu hadi kwenye majani ya nyuma yake, na mraba kwenye skrini unaendelea kuonyesha kwamba bado uko usoni. Usiuamini mraba, amini picha.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo wengi hawalifanyi. Sensa nyingi za kamera zisizo na kioo huzisoma vizuri kingo za wima, lakini za mlalo huzisumbua. Mwite mchezaji aliyevaa jezi yenye mistari ya mlalo, mfokasi kifuani kamera ikiwa katika mkao wa kawaida wa mlalo, kisha igeuze wima umfokasi tena. Tofauti ikiwa kubwa, umeijua siri ya sensa hiyo. Canon iliona haja ya kulishughulikia hili: EOS R1 ya mwaka 2024 ilikuwa ya kwanza katika familia ya EOS R kusoma kingo za pande zote mbili kwenye sensa kuu.

Baada ya mtu mmoja, nenda kwenye kundi. Mbio za nyika za shule zinafaa kuliko mashindano makubwa, kwa sababu watoto huanza kwa fujo, kofia na viwiko vimechanganyika. Chagua mmoja wa katikati, tuseme mwenye fulana nyekundu, uone kama kamera itabaki naye. Kamera mbaya hapa huwa kama kuku aliyemwagiwa mahindi, kila punje anaitaka. Kabla ya kuihukumu, ingia kwenye menyu urekebishe muda wa kungoja kikwazo kinapopita mbele. Hapa jihadhari, maana watengenezaji hawakuelewana. Nikon hutumia 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya subira. Sony pia ina 1 hadi 5, lakini 5 yao ndiyo ya haraka. Mtu aliyehama kutoka moja kwenda nyingine bila kusoma anaweza kulaani kamera nzuri msimu mzima. Kwa mbio za kundi mimi huegemea upande wa subira; kwa mpira wa miguu, ambako pasi inahamisha kila kitu, narudi katikati.

Tukija kwenye sura za watu, usikubali sifa za wapimaji wa Ulaya na Japani bila kujipimia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kuchambua sura zilizokuwa sokoni zilikosea jinsia ya wanawake wenye ngozi nyeusi hadi asilimia 34.7, huku kosa kwa wanaume weupe likiwa halizidi asilimia 0.8. Hawakupima kamera, ila funzo linatuhusu: programu hujua vizuri kile ilichofundishwa. Mpime mkimbiaji mweusi aliyevuta kofia ya jaketi, jua likiwa nyuma yake. Mpime mchumaji chai aliyejifunga nailoni dhidi ya umande, mikono yake ikienda mbio na uso umeinama. Kamera inayolipata jicho hapo italipata popote.

Ufundi wa kutambua michezo nao unahitaji jicho la mashaka. Canon EOS R1 na R5 Mark II zilipotoka mwaka 2024 zilikuwa na hali maalumu ya kumfuata mchezaji anayehusika na mpira, iliyofundishwa michezo mitatu: soka, mpira wa kikapu na voliboli. Kwa michezo ya shule huku kwetu, soka na voliboli vinatosha kuifanya iwe na manufaa. Lakini anayeishi kwa kupiga picha za riadha, na hii ni nchi ya riadha, asilipie hali hiyo hata senti.

Halafu kuna mwanga. Asubuhi ya Kericho, ukungu ukishainuka, ni safi. Ikifika saa nane mchana mawingu yamejaa, na fainali nyingi hukimbizwa saa hizo hizo. Kijitabu kitakuambia kamera hufokasi hadi -7 EV au zaidi. Nambari za namna hiyo kwa kawaida hupatikana kwa lenzi ya f/1.2, kitu kimesimama. Lenzi ya kukuza ya f/5.6, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoimudu, hupitisha takribani sehemu moja ya ishirini na mbili ya mwanga wa f/1.2. Iweke hiyo lenzi yako mwenyewe kwenye kamera mpya, chini ya wingu, na ndipo uhukumu.

Nashikilia hali ya hewa kwa sababu historia ipo. Mwaka 2007 Canon EOS-1D Mark III ilitoka ikiwa na mfumo mpya wa fokasi. Baadaye mpiga picha Rob Galbraith akaonyesha kwamba ilipotea ikifuata vitu vinavyosogea, hasa kwenye jua kali na joto. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imekubali kuwa kioo kidogo cha ndani kilihitaji kurekebishwa, na ikairekebisha bila malipo. Aliyeipima ndani ya ukumbi wenye baridi asingeliona tatizo hilo.

Kwenye kuhesabu fremu zilizotoka wazi, asilimia peke yake haitoshi. Fremu mbili mbovu zilizotawanyika kati ya kumi hazinisumbui. Mbili zinazofuatana pale kifua kinapogusa utepe ni sababu ya kuirudisha kamera dukani, hata kama zile nane nyingine zinapendeza.

Ukiwa na pesa za kitu kimoja, nunua lenzi ya f/2.8 na ubaki na kamera yako ya zamani. Mota nzuri ya lenzi huokoa fremu nyingi kuliko menyu mpya. Ukiwa na pesa za vyote viwili, kodisha kwanza. Nairobi kuna maduka yanayokodisha kamera na lenzi kwa siku. Ichukue mwezi wa Aprili, siku ya mvua, uipandishe Kericho, na usiilipie hadi umeziona kokoto.